Ekuru Yenye Kudanganya: Namna ya Kuandika Kipimo cha Meno ndani ya Ordinatere

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Kinga imepoteza ekuru ya gurudumu la nyuma. Unakwenda sokoni, unapata ingine yenye kufanana nayo, unaivika. Inaingia kwa vidole tu, na unafurahi. Lakini unapokaza na ufungulo, inazunguka bure: meno yake yamenyolewa. Na kama haikunyolewa nyumbani, itanyolewa njiani, na mzigo wa mihogo nyuma.

Sababu ni nini? Ekuru na buloni ziko na vipimo vitatu vya kuangalia. Cha kwanza ni kipenyo, ni kusema unene. Cha pili ni hatua, yaani urefu toka jino moja mpaka jino lenye kufuata. Cha tatu ni pembe ya meno. Kinga nyingi za namna ya Uingereza ziko na ekseli ya nyuma ya inchi 3/8, meno 26 katika inchi moja. Kwa milimetre ni kipenyo 9,525 na hatua 0,977. Kinga zingine ziko na ekseli ya milimetre 10, hatua 1. Kwa macho ni sawasawa. Lakini ekuru ya 10 juu ya ekseli ya 9,525 inashika ncha za meno tu. Njo maana inaingia upesi na inaharibika upesi.

Zamani matata yalikuwa makubwa zaidi, kwa sababu kila atelye ilikata meno yake namna ilivyopenda. Mwaka 1841 fundi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, pembe ya digri 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani akaleta chake cha digri 60. Kipimo cha milimetre cha leo, kinachoitwa ISO, ni cha digri 60 vilevile.

Sasa, fundi anayechora ekuru kwa ordinatere anakuta orodha ya vipimo vya kawaida ndani ya programu. Kama kipimo cha kinga yake hakimo, hapana kuchagua cha jirani! Anaweza kuongeza chake. Tunaeleza mufano wa programu Fusion.

1. Pima kwanza. Pima unene wa ekseli kwa kipimo cha kuteleza, kisha weka kichanuo cha meno. Kama huna kichanuo, hesabu meno ndani ya milimetre 25,4. Ukipata 26, umejua.

2. Fanya hesabu. Meno haya ya kinga ni ya digri 60, na urefu wa jino ni hatua mara 0,5327, ni kusema 0,520. Toa mara moja kwa 9,525: kipenyo cha kati ni 9,005. Toa mara mbili: kipenyo kidogo ni 8,484.

3. Andika orodha. Programu inaweka kila orodha ya meno katika faili moja ya maandishi, ya namna ya XML. Kopya moja iliyopo, ipe jina jipya, ndani na inje, kisha badilisha pembe, hatua na vipenyo. Kuna sehemu ya dume (ekseli) na sehemu ya jike (ekuru). Jike lazima lizidi kidogo, sehemu chache za mia za milimetre. Ukiandika hesabu moja pande zote mbili, kwa picha zinaingia, lakini kwa chuma zitakataa.

4. Angalia nukta. Katika masomo tunaandika 9,525 na koma. Ndani ya faili andika 9.525 na nukta.

5. Funga programu, ifungule tena. Kipimo chako kitaonekana pamoja na vingine.

6. Chunga kopya pahali pengine. Programu ikipata toleo jipya, inafanya folda mpya, na faili yako inabaki katika ile ya zamani. Wengi wamelia kwa sababu ya hiyo.

Rafiki, ordinatere haijui ekseli yako. Inaamini kila namba unayoandika, hata ya uongo. Ukipima vibaya, itachora uongo wako vizuri sana, na yule atakayeanguka kwa kinga si wewe mwenye kuchora. Tunakumbuka Mezali 11:1, juu ya mizani ya udanganyifu. Kipimo cha fundi ni mizani vilevile. Basi tupime mara mbili mbele ya kuandika mara moja.