Pointi za snuka huhesabiwa kwa pauni

MEZA za pool si ngeni katika miji ya Kitui, Mwingi na Wote. Snuka, mchezo wa ukoo mmoja nao, huchezwa kwenye meza ya futi 12 yenye mipira 22, na wachezaji wake wa kulipwa hupangwa kwa orodha ya ubora iliyoanzishwa mwaka 1976.

Tangu 2014 orodha hiyo hutegemea fedha. Kila pauni ya Uingereza ambayo mchezaji huzoa katika mashindano yanayotambuliwa huwa pointi moja. Pointi hizo hudumu miaka miwili, kisha hufutwa. Hivyo bingwa wa jana asiposhinda tena, huporomoka.

Wachezaji 16 bora huingia moja kwa moja katika fainali za dunia, zilizoandaliwa Sheffield tangu 1977. Wanaomaliza msimu nje ya 64 bora huwa hatarini kupoteza nafasi ya kulipwa.

Silvino Francisco wa Afrika Kusini alitwaa taji la British Open mwaka 1985. Kwa kijana wa Makueni, hata hivyo, kipaji pekee hakitoshi: mashindano mengi hufanyika Uingereza na China, na asiye na nauli hana pointi.