Likizo katika Pwani ya Andalus: Tazama Jiko Kabla ya Bahari

Wako ndugu zetu Waislamu, khasa wale waishio Ulaya, wapendao kupeleka watoto wao likizo katika pwani ya kusini ya Hispania, nchi ambayo Waarabu waliiita Al-Andalus. Kupumzika si vibaya, lakini safari isiyotanguliwa na mashauri huleta majuto, na majuto ni mjukuu. Nasaha yetu ni moja: mwenye kwenda huko na ahali zake asianze kuuliza bahari iko wapi, bali aanze kuuliza jiko liko wapi.

Sababu yake ni dhahiri. Katika nchi ile nyama ya nguruwe hutiwa katika supu na maharagwe, mafuta yake hukandiwa baadhi ya biskuti, na mvinyo hutiwa katika michuzi. Ategemeaye meza ya hoteli itambidi aulize khabari ya kila sahani. Siku ya kwanza atauliza, na ya pili atauliza. Siku ya tatu atachoka, na watoto wana njaa. Hapo ndipo mtu aanzapo kula bila ya kuuliza.

Dawa yake ni kupanga nyumba yenye jiko, jokofu na vyombo, nazo ziko nyingi Málaga, Fuengirola, Nerja na Almuñécar. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni: Je, pana sufuria za kutosha? Soko li mbali gani? Bwawa la kuogelea ni la nyumba hiyo peke yake au la wapangaji wote? Malipo ya usafi yamo katika kodi? Miezi ya Julai na Agosti kodi hupanda na watu husongamana. Mei, Juni na Septemba hupatikana nafuu. Na kwa kuwa vyombo vya nyumba vimekwisha pikiwa na wengine, ni bora kuchukua sufuria na kisu chenu, na vya mwenye nyumba visafishwe kama sharia iagizavyo.

Asiye na ruhusa ya kuingia nchi za Ulaya yampasa aombe viza mapema: maombi hupokewa tangu miezi 6 kabla ya safari, wala yasicheleweshwe hadi zikabaki chini ya siku 15. Hutakiwa pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Ama chakula, Mungu ameineemesha pwani ile kwa samaki, matunda na mafuta ya zeituni. Mjini Málaga liko soko la Atarazanas, ambalo lango lake ni baki ya karakana ya merikebu ya Waislamu, na juu yake yangali yameandikwa kwa Kiarabu maneno ya kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nendeni asubuhi, wala msingoje Jumapili, kwani hufungwa. Nyama hununuliwa katika maduka yenye maandishi «carnicería halal». Katika vitu vya makopo na pakiti, wafundisheni vijana kuyatambua maneno haya: cerdo ni nguruwe, manteca mara nyingi ni shahamu yake, na vino ni mvinyo. Watafurahi pia kuona kwamba azúcar ni sukari na aceituna ni zeituni, maneno yaliyotoka katika Kiarabu kama yetu.

Sala nayo ina mipango yake. Aliyezoea pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako kibla ki upande wa kaskazini, ajue kuwa huko hutazama mashariki. Mwezi wa Juni magharibi huingia baada ya saa 3:30 za usiku, na isha hupita saa 5. Basi watoto na walale mchana. Na kwa madhehebu ya Imam Shafi, anuiaye kukaa siku nne kamili, mbali na siku za kufika na kuondoka, hapunguzi sala.

Tengeni siku moja kwa Granada, iliyotoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1492. Tikiti za jumba la Alhambra zikatwe mapema, maana huandikwa jina la mtu na saa ya kuingia. Msikiti mpya wa mji huo, uliofunguliwa mwaka 2003, umekabili jumba hilo. Vijana wakisali humo wataona kwamba Uislamu wa Andalus haukubaki katika mawe tu.

Mwenye kupanga hivi atapumzika kwa haki, kwani hakuiacha dini yake nyumbani alipofunga mlango. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi. Amin.