Utangulizi: Mrama na Jamaa Zake

Anayesema leo kwamba mambo yameenda mrama huenda hajawahi kupanda jahazi, lakini neno alilotumia ni la wanamaji. Mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumba, ubavu huu kisha ule. Kitabu hiki kinakukaribisha katika semantiki ya maneno ya mwendo, na tunaanzia baharini kwa sababu huko kuyumba kidogo tu kunaweza kuzamisha watu.

Chombo majini hugeuka kwa namna tatu. Hulala ubavu, huinuka kwa omo na kuzama kwa tezi, tena huelekeza omo kushoto kisha kulia hali kimesimama wima. Namna hii ya tatu humchosha sana mshika usukani, hasa wimbi linapokuja mshazari kutoka nyuma. Wimbi husukuma tezi pembeni, omo huiacha njia, na usukani hupungukiwa nguvu kwa kuwa maji yanakwenda pamoja na chombo. Ndugu Wright, Wilbur na Orville, walipambana na mwendo huohuo angani mwaka 1902. Ndege yao isiyo na injini ilikuwa ikigeuza pua upande wasioutaka, mpaka walipoufanya usukani wa mkiani uweze kugeuzwa.

Sasa tazama lugha inavyofanya kazi. Yumba ni kitenzi huru: jahazi huyumba, mlevi huyumba, uchumi huyumba, na mtu anaweza kuuyumbisha. Mrama karibu daima hufuatana na kwenda. Kwa maoni yangu, tofauti yao kubwa imo katika matumaini. Uchumi ulioyumba tunautarajia utengemae. Mambo yaliyokwenda mrama tumekwisha kuyahesabu kuwa yameharibika, ingawa chombo chenyewe kikienda mrama mara nyingi hurudi wima. Kwenda kombo nako husemwa pahali pamoja na mrama, lakini kombo ni upogo, haina kwenda na kurudi. Kamusi ikiyaweka maneno haya kuwa visawe inamnyima msomaji utamu wake.

Sura ya kwanza inachukua vitenzi vinne: yumba, yonga, pepesuka na geuka. Kila kimoja tutakiuliza ni nini kinachobaki mahali pake wakati sehemu nyingine inapogeuka, na ni nani, kama yupo, anayeuongoza mwendo huo.