Usimnyanyue majeruhi kwa pupa: neva zake hazina vipuri

Tuseme, msomaji, umeshuka kwenye matatu pale Kenol, Kaunti ya Murang'a, mji uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta lakini ambao wasafiri wengi waendao Nyeri huujua zaidi kwa nyama choma. Unasubiri mbavu ziive. Kwa kutojali, unaweka kidole juu ya wavu wa jiko. Mkono unaruka, kisha ndipo unaposikia maumivu na kupiga kelele. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini mkono hukimbia kabla wewe mwenyewe hujatambua kwamba umeungua?

Jibu limo katika mfumo wa neva. Wengi wetu huita kila kitu "mishipa": ipitishayo damu ni mishipa, kano za miguu ni mishipa, na neva nazo ni mishipa. Mgonjwa akilalamika kwamba mishipa yake imekaza, daktari hana budi kumuuliza tena ni ipi. Hapa tutasema neva.

Mfumo huu una sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni makao makuu, yaani ubongo uliomo ndani ya fuvu pamoja na ugwe wa mgongo, kamba laini yenye urefu wa kama sentimita 45 na unene unaokaribia wa kidole cha mwisho. Ugwe huo hupita ndani ya tundu la mifupa ya uti wa mgongo, nayo mifupa hiyo ndiyo ngao yake. Sehemu ya pili ni matawi: jozi 12 za neva zitokazo ubongoni na jozi 31 zitokazo kwenye ugwe, ambazo hugawanyika hadi kufika kwenye ncha za vidole. Baadhi huendesha moyo, tumbo na jasho bila kukuomba ruhusa.

Seli inayopeleka habari huitwa nyuroni. Watafiti wa Brazil walikadiria mwaka 2009 kwamba ubongo wa mtu mzima una nyuroni zipatazo bilioni 86. Kila moja ina kiwiliwili chenye kiini, matawi mafupi ya kupokea habari, na uzi mmoja mrefu wa kuipeleka mbele, uitwao aksoni. Aksoni inayotoka kwenye ugwe, sehemu ya kiunoni, hadi wayoni huweza kufikia mita moja, ingawa kwa wembamba wake huwezi kuiona kwa macho matupu. Habari husafiri ndani yake kama umeme. Ikifika mwisho, kemikali humwagika kwenye mwanya mdogo na seli inayofuata huipokea.

Nyuroni haziishi peke yake. Zimezungukwa na seli za glia, ambazo huzilisha, huzisafishia uchafu na kuzilinda. Baadhi ya wasaidizi hawa huzivika aksoni utando wa mafuta uitwao mayelini, mfano wa plastiki inayofunika waya wa stima. Uzi mnene uliovikwa vizuri huweza kupeleka habari kwa kasi ya mita 120 kwa sekunde. Ule mwembamba usiovikwa hujikokota kwa kama mita moja tu.

Sasa rudi kwenye jiko. Nyuroni ya ngozi ilipeleka habari ya moto hadi kwenye ugwe, na huko huko amri ikatolewa kwa nyuroni za misuli: ondoa mkono! Ubongo uliletewa ripoti baadaye. Ule uchungu wa kuwaka unaokuja nyuma umepita kwenye nyuzi zile za kujikokota.

Lakini jambo kubwa ni hili. Neva ya mkono ikikatwa na panga, na daktari akaiunganisha vyema, aksoni zake zaweza kuota tena kwa takriban milimita moja kwa siku. Ni polepole, lakini kuna tumaini. Ndani ya ubongo na ugwe mambo ni tofauti kabisa. Aksoni zilizokatika huko haziunganiki tena, kwa kuwa kovu linalofanywa na seli za glia na mabaki ya mayelini huzizuia. Mpaka leo hakuna dawa ya kuunga ugwe uliokatika. Ukikatika katikati ya mgongo, miguu hupooza. Ukikatika chini ya shingo, mikono nayo huathirika. Ukikatika juu zaidi shingoni, hata kupumua huwa shida, maana neva za kiwambo cha kupumulia hutoka hapo.

Ndiyo maana tumekuja Kenol. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Sagana hadi Marua, kilomita 84, ambayo upanuzi wake ulianza mwaka 2020. Magari huenda kasi, na bodaboda huikatiza. Ajali ikitokea, watu wenye roho nzuri hukimbilia majeruhi: mmoja anashika makwapa, mwingine miguu, wanamkunja na kumsukuma nyuma ya Probox. Huenda mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika huku ugwe ukiwa bado mzima. Kule kumkunja ndiko kunakoweza kuukata.

Basi, ufanyeje? Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alivyo na mwambie asijitingishe. Piga simu 999 au 112. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, ukishike kwa mikono miwili kikae sawa na mwili. Usimvue helmeti, isipokuwa kama hawezi kupumua. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kitambaa. Usimpe maji wala soda, hata akiomba. Ikilazimu kumsogeza, mtafute watu wanne au watano. Mmoja ashike kichwa na kutoa amri, wengine wambiringishe kwa pamoja kama gogo hadi juu ya ubao mpana.

Muulize pia kama anaweza kuchezesha vidole vya miguu, na kama anahisi ukimgusa. Shika jibu lake na saa uliyomuuliza, umweleze mhudumu wa ambulensi. Madaktari watataka kujua kama miguu ilikuwa ikisogea pale barabarani, hasa akihamishiwa ile hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyoko Nairobi.