Valvu ikinyamaza, usifurahi

Mara mbili kwa mwezi, asubuhi ya Jumapili, barabara kuu kadhaa za Kigali hufungwa. Magari hubaki nyumbani, watu wakashuka barabarani kukimbia, kupanda baiskeli na kutembea na watoto wao katikati ya lami. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 na sasa umekuwa sehemu ya maisha ya jiji. Mimi asubuhi hiyo hubaki uani kwangu Nyamirambo. Huvaa ovaroli, nikatandika gunia nyuma ya gari, nikatoa spana namba 13, bisibisi bapa na vibamba vya chuma vya kupimia nafasi. Ndiyo siku ya kupima valvu za Volkswagen Beetle ya mwaka 1968 niliyoachiwa na marehemu baba.

Sikuichagua siku hiyo kwa bahati. Valvu za injini hii hupimwa ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha bila kuwashwa. Siku za kazi kuna mtoto wa kupelekwa shule na shughuli za mjini, na injini ikishawaka, kazi hiyo huahirishwa hadi kesho yake. Jumapili magari yanapopumzika, nami hupata nafasi.

Somo hili nililipata kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari gereji kwa sababu valvu zilikuwa zikigonga kama cherehani. Fundi alizikaza. Nilipotoka pale injini ilikuwa kimya, nikaondoka nikishukuru. Baada ya miezi michache gari likaanza kumisi. Kupanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini kukawa mateso: gia ya pili ikishindwa, narudi ya kwanza. Kichwa cha silinda kilipofunguliwa, valvu ya moshi ya silinda ya tatu ilikutwa imeungua ukingoni na kumeguka kama sahani ya udongo.

Valvu ya moshi hupitiwa na gesi zenye moto mkali muda wote injini inapofanya kazi. Hupoa pale inapofunga na kukaa imara kwenye kiti chake, joto likahamia kwenye kichwa cha silinda. Ukiikaza kupita kiasi haifungi sawasawa, moto hupenya pembeni, na chuma huliwa kidogo kidogo. Wala si ajabu kwamba iliyoungua ni ya silinda ya tatu. Kwenye Beetle za miaka hiyo kipoza oili kiko ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hiyo, hivyo hewa inayoifikia imekwisha kupata joto. Volkswagen ilikihamisha kipoza hicho kuanzia modeli za 1971. Tangu siku ile nimeshika kanuni moja: valvu inayogonga kidogo haina hatari kubwa, inayonyamaza ghafla ndiyo ya kuogopa.

Kipimo cha nafasi ya valvu kwenye injini nyingi za aina hii ni milimita 0.15. Unaanza na silinda ya kwanza, pistoni ikiwa juu kabisa na rota ya distribyuta ikitazama alama iliyochongwa ukingoni. Kibamba kipite kwa kusuguana kidogo, kama unavyochomoa karatasi katikati ya kitabu kilichofungwa. Ukimaliza valvu zake mbili, geuza puli ya injini nusu mzunguko kinyume cha saa uende silinda ya pili, nusu tena uende ya tatu, kisha ya nne. Injini hii hulipua kwa mpangilio wa 1-4-3-2, kwa hiyo ukiizungusha kinyumenyume unahesabu 1-2-3-4 bila kuchanganyikiwa. Shikilia skrubu kwa bisibisi unapokaza nati, halafu pima upya, maana kukaza kwenyewe hubadili kipimo. Kisha andika kwenye daftari. Valvu ambayo nafasi yake hupungua kila ukipima inakueleza kuwa inarefuka au inazama kwenye kiti chake. Daftari litakuonya kabla sauti ya injini haijakuonya.

Jambo la pili ni mlima. Kitabu cha matengenezo cha Beetle kiliandikwa Ujerumani, ilhali Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Karbureta haijui hilo: huendelea kumimina petroli kama iko Mombasa, na hewa ya kuiunguza haitoshi. Dalili utaiona kwenye plagi, ambayo mafundi wa hapa wanaiita bugi. Ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, mchanganyiko una petroli nyingi mno. Ikiwa na rangi ya hudhurungi kama chai ya maziwa, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na injini inaungua kwa joto. Dawa ya masizi kwa kawaida ni kubadili jeti kuu, kile kijitundu cha shaba chenye namba, ukaweka chenye namba ndogo kidogo, kisha ukaitazama plagi tena baada ya siku chache. Lakini kwanza safisha kichungi cha hewa, kwa sababu vumbi la Kigali peke yake linaweza kuleta masizi hayo hayo.

Mlima huo huo unagusa upoaji. Beetle haina rejeta. Hupozwa na feni inayozungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe. Injini ikizunguka polepole, feni nayo hulegea. Dereva anayepanda kilima kwa gia ya nne huku ameukandamiza mguu anadhani anabana matumizi ya petroli, kumbe anaipika injini. Shusha gia mapema, acha feni izunguke. Ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba, uingie kama milimita 15. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, simama papo hapo: huenda mkanda umekatika, na ukikatika hakuna hewa ya kupoza chochote.

Wenye Peugeot 504 au Toyota Corolla za miaka ya 1970 wana rejeta, lakini nao wanakaa kwenye mlima huu huu. Kigali maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoshikilia presha na kupandisha kiwango hicho. Mpira wake ukichoka, maji yatachemka mapema. Kila mwaka ukague, usisubiri mvuke. Na fundi akikushauri kuitoa thamostati ili gari lisichemke, kataa. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na huchakaa haraka. Tafuta chanzo cha joto, usiondoe kinacholidhibiti.

Oili ya Beetle ni lita mbili na nusu tu, na injini ya asili haina kichungi cha karatasi, ina chujio la waya peke yake. Ndiyo maana hubadilishwa kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Nati sita ndogo za chini, zinazoshikilia chujio hilo, ni dhaifu: kaza kwa mkono mwepesi, kwa sababu ukizilazimisha, utaharibu nyuzi zake. Papo hapo kagua mipira ya petroli. Kasha la injini hii limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, na moto wa petroli ukilishika ni vigumu kuuzima. Mpira uliopasuka ni wa kubadilisha leo, si mwisho wa mwezi.

Na oili chafu isiende mtaroni. Maji ya mitaro yetu hushuka kwenye maeneo oevu ya bondeni, yakaingia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, hadi Ziwa Viktoria. Ihifadhi kwenye dumu, uipeleke gereji inayoikusanya.

Vipuri bado vinapatikana kwa anayetafuta. Maduka na gereji za Gatsata zinajulikana na kila mwenye gari kuukuu hapa jijini, na kisichokuwepo hutafutwa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Kumbuka tu kwamba Rwanda tunaendesha upande wa kulia, majirani hao upande wa kushoto. Sehemu za injini huingiliana. Za usukani haziingiliani.

Beetle ya mwisho ya aina hii ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Magari haya yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi na tope. Yalishinda kwa sababu yalikuwa mepesi, imara, na injini iliyoshikwa kwa boliti nne mtu aliweza kuishusha kando ya njia. Mwaka 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari hapa Kigali, na magari yanayotoka huko huchunguzwa kwa kompyuta. Ni hatua njema. Lakini kijana aliyewahi kupima valvu kwa mkono wake anajua kompyuta ile inatafuta nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye gari la kale ni dogo. Nunua vibamba vya kupimia na daftari kabla hujanunua kipuri chochote. Jumapili ijayo magari yakipumzika, mwite mwanao uani, mfungue mfuniko wa valvu pamoja, mpime, muandike. Anza na silinda ya kwanza.