Bwawa Linalofunguliwa Kila Alfajiri

Mpwa wangu, aliyezaliwa Portland na ambaye Kiswahili cha nyumbani anakijua kwa sikio kuliko kwa ulimi, aliniuliza swali majira ya joto ya mwaka 2025, tulipokuwa tumesimama kandokando ya mto Klamath, mahali ambapo miezi kama kumi na minane nyuma palikuwa ziwa: je, Mjomba, kwetu Upare nako kumewahi kuvunjwa bwawa, mto ukarudi katika njia yake, na watu wakapata ruhusa ya kushuka majini kuoga, kuketi na kutembea? Nilimjibu upesi kwamba hakuna. Jibu hilo, ingawa lilikuwa la kweli kwa mtu afikiriaye kuta kubwa za saruji, lilinisumbua njia nzima ya kurudi, kwa kuwa nimelelewa katika nchi ambayo bwawa hufungwa kila magharibi na kufunguliwa kila alfajiri, nami sikulitaja.

Wasomaji walio ughaibuni huenda wamesikia habari za Klamath, mto utokao Oregon ukapita California hadi baharini, uliozuiwa kwa mabwawa manne ya umeme, la kwanza likiwa limekamilika mwaka 1918. Kaumu za Yurok, Karuk na nyinginezo za bonde lile, ambao samaki samoni kwao ni chakula na ibada kwa pamoja, walidai kwa miaka mingi njia ya samaki ifunguliwe. Kazi ya kubomoa ikaanza mwaka 2023, ikaisha 2024, na wiki chache baadaye samoni wakaonekana tena juu kabisa, katika maji ya Oregon, baada ya zaidi ya miaka mia. Mwaka uliofuata vituo vya umma vya kuingilia mtoni vikafunguliwa, na mwezi wa Julai vijana wa kaumu zile wakafika Pasifiki, wakiwa wamepiga makasia tangu chimbuko la mto. Mimi niliona egesho la magari, njia ya kushushia mashua, na watu wakiteremka kwa haya kidogo, mithili ya wageni waliokaribishwa katika nyumba ambayo zamani ilikuwa yao.

Nikajiuliza kwa nini kwetu hakuna aliyewahi kutangaza kwamba mto umefunguliwa kwa watu, na katika kulitafuta jibu ndipo nikairudia ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku. Mito ya Upare Kusini ni mifupi na myembamba, na ule ushukao kutoka Vudee kuelekea Bangalala na Makanya, mathalani, hauna nguvu ya kufika mbali kwa mfereji ulionyooka, kwa maana jua na mchanga hunywa sehemu kubwa njiani kabla shamba la mwisho halijaonja. Basi wazee, zamani kabla ya mhandisi yeyote kuja na darubini yake, walichimba na kujenga kwa mawe na udongo kiziwa kilichopokea maji ya mfereji usiku kucha, ili asubuhi yaachiwe kwa mkupuo mmoja wenye nguvu ya kusukuma hadi shamba la mwenye zamu, hata kama liko bondeni kabisa. Ndiva nyingi zilikuwa za koo fulani, na ukoo uliochimba ndio uliokuwa na heshima ya kwanza. Lakini maji yaligawiwa kwa zamu kwa jirani pia, kwa sharti la kazi. Kazi yenyewe huitwa msaragambo: siku ikitangazwa, kila nyumba hutoa mtu wa kuzoa tope na kuziba nyufa, na asiyefika hutozwa faini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa jadi, uliosaidiwa na Waholanzi, ulizipanua na kuzisakafia ndiva kadhaa kwa saruji, zikaacha kuvuja. Msaragambo haukuondoka, kwa sababu tope halijui saruji.

Sisi watoto tulikatazwa kuogelea ndani ya ndiva iliyojaa, kwa kuwa ukingo wake huteleza na katikati pana kina kirefu. Lakini kulikuwa na wasaa mmoja wa halali. Alfajiri mlinzi wa zamu alishuka na jembe, akabandua udongo na majani ya migomba yaliyoshindiliwa kinywani, akalitikisa gogo la kizibo mara mbili tatu, kisha akalivuta. Na kwanza ulisikia mngurumo wa chini ya ardhi, halafu maji yakatoka ya kahawia, yenye povu, yakikimbilia mferejini kwa kasi ambayo mbwa walikuwa wakishindana nayo. Baada ya saa chache ndiva ilibaki na maji ya kufunika vifundo vya miguu, na humo, katika tope lililo vuguvugu kwa jua la asubuhi, tulitafuta viluwiluwi kwa vibuyu vilivyopasuka hadi tulipoitwa kwenda shule. Chini ya kinywa hicho, mahali mfereji ulipotulia, akina mama walifua. Posa nyingi za kitongoji zilianzia pale, na kadhaa, nisiwataje wahusika, zilivunjikia palepale. Hakuna aliyeyaita hayo tafrija, maana kila mmoja alikuwa na ndoo au jembe mkononi.

Hilo ndilo bwawa ambalo ningependa mpwa wangu alijue kwanza. La pili ni kubwa, nalo lina jina zito: Nyumba ya Mungu. Lilijengwa katika miaka ya 1960 mahali ambapo Kikuletwa, ubebao maji ya Meru na Kilimanjaro, hukutana na Ruvu utokao ziwa Jipe, ili kuyatuliza maji yaendayo kwenye mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Lenyewe huzalisha megawati 8 tu, kiasi ambacho leo ni kidogo, lakini nyuma ya ukuta wake pametanda ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 100. Miaka ya mwanzo perege walikuwa wengi kupita kiasi, wavuvi wakahamia kutoka mbali, vijiji vikaota ufukoni. Kisha samaki wakapungua, na baadhi ya waliokuja hawakurudi kwao. Upande wa chini mambo yalikwenda kinyume. Kulikuwa na kinamasi cha Kirua, tambarare pana ambayo mto utokao bwawani, Pangani, uliifurika kila masika, na watu wakaishi kwa mwendo huo wa maji: kuvua yakipanda, kulima yakishuka. Mto ulipopangiwa kiasi, furiko likakoma kuja kwa wakati wake, na Kirua kikasinyaa.

Je, libomolewe? Sidhani, na simjui mtu mzito anayelidai hilo. Ziwa hilo ndilo linalonywesha mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa mwezi Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kungojea, na mtu aliyewahi kuishi Same mjini, ambako vumbi ni jingi kuliko mvua na dumu la maji ni sehemu ya bajeti ya nyumba, hatakusikiliza ukimweleza uzuri wa mto ulio huru. Kinachowezekana ni jambo dogo lililo gumu zaidi, nalo ni kuachia maji kwa majira, ili mto ulio chini ya ukuta upate kitu kinachofanana na masika yake ya zamani. Bonde la Pangani lilipata mamlaka yake ya maji mwaka 1991, na mwanzoni mwa karne hii wataalamu walipima ni maji kiasi gani yapasa kubaki mtoni kwa ajili ya mto wenyewe. Mlinzi wetu wa ndiva angeuelewa mjadala huo bila mkalimani. Angeuliza tu ni nani anayeshika kizibo, na watu wa Kirua zamu yao ni lini.

Mabwawa mengine nitayapitia kwa haraka. Upande wa mashariki, Kalimawe, bwawa la zama za Waingereza, limekuwa likimezwa na tope lishukalo milimani, kana kwamba milima imeamua kulibomoa yenyewe. Na bwawa la Dindira, ndani ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, ni mahali pazuri pa kutazama tembo wakinywa, ila hapo ukingo wa maji una lango, na lango lina kiingilio.

Kuhusu haki ya kushuka majini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ni kanuni njema, na bila kukusudia imetuachia ukanda ambao mtu hawezi kuujengea ukuta kwa halali. Lakini ukanda huo unafikiwa kwa vijia, na vijia hupita katikati ya migomba na mibuni ya watu, ambako idhini ya kupita haijaandikwa popote. Ukienda kutazama maporomoko ya Thornton upande wa Gonja, yenye jina la kigeni na maji ya wenyewe, tiketi yako ya kweli ni salamu unazotoa uani kwa watu, moja baada ya nyingine. Mashamba yakigawanywa kwa warithi na michongoma ikiota, vijia hivyo huwa vyembamba, na hapo sijui sheria gani itamsaidia mpitaji asiyejua kusalimu.

Mwezi wa Desemba tulikwenda nyumbani. Nilimwamsha mpwa wangu saa kumi na moja, tukateremka na tochi hadi kwenye ndiva, ambako mzee wa zamu alikuwa ameshaanza kubandua udongo. Akammulika kijana usoni kwa muda mrefu.

“Mjukuu, wewe wa nani?”

Akajitaja kwa jina la baba yake, mzee akanyamaza. Akajitaja kwa jina la babu upande wa mama, mzee akacheka, akasema kwamba basi nyumba hiyo inadaiwa misaragambo ya miaka ishirini, akamkabidhi jembe. Kijana alilima tope hadi mikono ikatetemeka, ndipo akaruhusiwa kushika gogo. Halikutoka mara ya kwanza, wala ya pili. Lilipotoka aliangukia matako, maji yakampita kwa kishindo, naye akabaki pale chini, amekumbatia kizibo kifuani, huku mbwa wa mzee wakiufuata mfereji gizani.