Usilitupe Gita Kuukuu la Besi: Nilivyolifufua la Mjomba

Wasafiri wengi wanaijua Mariakani kwa mizani ya malori na foleni yake. Sisi wenyeji tunaijua pia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopita mitaani na mikokoteni wakiuliza kama kuna sufuria mbovu au betri iliyokufa. Mmoja wao ndiye nusura aondoke na gita la besi la mjomba wangu.

Mjomba alipiga besi kwa miaka mingi katika harusi na hoteli za pwani. Hizo ni zile enzi ambazo bendi kama Them Mushrooms, walioitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, zilikuwa zikiwachezea watalii, na Mzee Ngala wa Freretown akiwachezesha wenyeji bango. Kisha kiharusi kikamshika na mkono wa kushoto ukalegea. Gita likaning'inizwa ukutani, chini ya bati, miaka kumi na zaidi.

"Liuze tu," akaniambia. "Halina tena mwenyewe."

Nikamwomba anipe wiki mbili. Binamu yangu alikuwa anaoa, na vijana wa mtaani walikuwa na ngoma, kinanda na gita moja, ila besi hawana. Besi mpya ya maana hawaiwezi kwa bei.

Gita lenyewe si la fahari. Ni la Kijapani, la miaka ya 1970, la bei ya chini, mwili wake plaiwudi. Lakini kazi ya besi ni ile ile tangu Leo Fender wa Marekani alipoanza kuuza besi yake ya umeme mwaka 1951: nyuzi nne, na ule mnene kabisa ukitikisika kama mara 41 kwa sekunde. Mbao za bei rahisi hazizuii hilo. Kinachozuia ni shingo iliyopinda, nyuzi zilizo juu mno, na waya zilizokatika. Yote hayo hutengenezeka.

Anza kwa kukagua kabla ya kutoa hata shilingi. Chomeka gita kwenye amplifaya, sauti iwe ndogo, kisha gonga polepole juu ya pikapu kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia "tok, tok", pikapu ni nzima. Kisha litazame kutoka kichwani kama seremala anavyotazama ubao. Shingo iliyopinda kama upinde ina dawa. Iliyojisokota kama kamba, afadhali uiache.

La mjomba lilikuwa limepinda kama upinde. Ndani ya shingo nyingi hupita chuma cha kuinyoosha, na mwisho wake una nati. Ya kwetu ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikatia tone la mafuta, nikaiacha ilale hadi asubuhi. Ikifunguka, izungushe robo tu, kisha ngoja na upime tena. Ukilazimisha, utakivunja chuma na gita litakuwa limekwisha. Kipimo ni hiki: bana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha tazama katikati. Uwazi uwe mdogo, kama unene wa kadi ya biashara.

Pili, urefu wa nyuzi. Juu ya freti ya 12 nilipima milimita 6. Hapo vidole huumia kabla wimbo haujaisha. Vile vyuma vidogo vinavyobeba nyuzi pale darajani vilikuwa vimeshafika chini kabisa. Nikafungua shingo, nikaweka kipande chembamba cha mbao ndani ya mfuko wake, kwenye ule mwisho ulio karibu na daraja. Shingo ikalala nyuma kidogo na nyuzi zikashuka hadi milimita 2 na nusu.

Tatu, kizingiti, yaani kile kijiti chenye mifereji ambapo nyuzi huingia kichwani. Cha plastiki kilikuwa kimepasuka. Nikaenda buchani nikaomba mfupa wa ng'ombe, nikauchemsha, nikaukausha juani, nikauchonga kwa tupa na msasa. Ilinichukua jioni mbili, na gharama yake ni jasho tu.

Nne, umeme. Kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza. Dawa ya kusafishia swichi ikakituliza. Lakini mvumo ulibaki, na haukupungua hata nikishika nyuzi. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhi, unaounganisha daraja na saketi, umekatika. Nikaulehemu upya, mvumo ukapungua.

Sasa niseme kosa langu, lisije likawa lako. Nilinunua nyuzi bila kupima. Gita hili ni fupi, inchi 30 kutoka kizingiti hadi daraja, nami nikaleta nyuzi za besi ya inchi 34. Sehemu nene ikafika kwenye kigingi, ikakataa kujikunja vizuri, na mmoja ukakatika. Shilingi 2,300 zikaenda. Nyuzi sahihi zikanigharimu 2,600, dawa ya swichi 600, msasa na gundi 250. Bila lile kosa, kazi yote ingekuwa shilingi 3,450.

Mwisho, linganisha sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 uupige, kisha ubane hapo hapo uupige tena. Sauti ya kubana ikiwa juu, kirudishe nyuma kile chuma cha darajani. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Rudia kwa kila uzi.

Siku ya harusi kijana wa jirani ndiye aliyelipiga. Mjomba alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya spika, mkono wa kulia ukipiga paja. Baada ya wimbo wa pili akamwita yule kijana.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema.

"Marahaba. Uzi wako wa tatu uko chini. Ukaze."

Tangu siku hiyo kijana huja kwake kila Jumamosi. Mjomba hawezi kubana nyuzi, lakini masikio yake hayakupooza.

Majumbani mwetu, kutoka Mariakani hadi Malindi, yapo magita mengine yaliyoning'inizwa hivyo. Kabla ya kumwita mtu wa mkokoteni, ligonge kwanza kwa bisibisi. Na usiliache chini ya bati: joto hulegeza gundi. Lipanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, maana upepo wetu una chumvi.